Maji Yaliyokataa Kuchemka

Mimi ni fundi wa friji. Watu wananiita Fundi Baridi, na jina hilo limenikaa kuliko nililopewa na wazazi wangu. Nasema hili mapema ili ujue kwamba mtu aliyechanganyikiwa katika habari hii si mtu wa kuogopa vyombo vya umeme. Nimevifungua, nimevikung'uta, nimevitukana, na mara nyingi vimenisikia. Lakini wiki ile bilauri moja ya maji ilinitoa jasho.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Kichwa changu kilikuwa nyuma ya friji la mwenye bucha wakati mke wangu aliponipigia simu. Hakusalimia.

"Njoo hospitali. Mama ameungua."

"Ameungua na nini?"

"Maji yameruka."

Nilidhani simu inakatakata. Nikamwambia arudie, akarudia yale yale, maji yameruka, kisha akakata. Nilimwacha mwenye bucha na friji lake wazi, nyama yake na nzi wake, nikatafuta usafiri.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, mkono wa kulia umefungwa bendeji kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Muuguzi aliniambia ngozi itapona, na tushukuru uso umesalimika. Mke wangu alikuwa amesimama ng'ambo ya ukumbi, karibu na dirisha la dawa, mkoba ameukumbatia. Mama huyu mmoja na mke huyu mmoja, na katikati yao hatua kumi na tano za sakafu tupu. Hilo ndilo lililonishtua, hata kabla ya bendeji.

Tulirudi nyumbani. Nilipomlaza mama chumbani kwake akaniambia nifunge mlango.

"Mwanangu, mimi si mtu wa kugombanisha watu, unanijua. Lakini mkeo amenimwagia maji ya moto."

Hapa inabidi nikueleze mama yangu ni nani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa bibi afya. Alizunguka nyumba kwa nyumba na mfuko wake begani akiwafundisha watu kuchemsha maji ya kunywa. Hakuwafundisha kwa saa wala kwa kipimajoto, maana wengi hawakuwa navyo. Aliwafundisha kwa macho: tazama povu. Maji yasiyotoa povu hayajachemka, na asiyetaka kusubiri povu na asubiri kuhara. Watoto wa mitaa ile walimwita Mama Mapovu, naye akalipenda. Magoti yalipomchosha akahamia kwangu, akaja na mtungi wake wa maji yaliyochemshwa na sheria yake ya povu. Tangu siku hiyo hakuna aliyekunywa chai nyumbani kwangu kabla ya mama kuinama juu ya chombo na kuridhika.

Sasa, birika letu la umeme lilikuwa limekufa wiki tatu kabla. Lilikuwa karakanani kwangu, kwenye rafu, likingoja fundi. Mganga hajigangi. Kwa hiyo mke wangu alikuwa akipasha maji ya chai ya mama kwenye maikrowevu, na asubuhi ile, kwa maelezo ya mama mwenyewe, ilikuwa hivi.

"Aliniletea bilauri ya maji. Nikatazama, hakuna povu. Nikamwambia arudishe. Akarudisha, akaleta, hakuna povu. Nikamwambia arudishe tena. Akaanza kuvuta pumzi kwa pua, unamjua akivuta pumzi. Mara ya tatu akaleta, nikatazama kwa macho yangu haya. Yametulia kama maji ya mtungini. Nikageuka kuchukua sukari. Nikasikia moto mkononi. Nageuka, amesimama na bilauri mkononi, nusu tupu."

"Labda yalimwagika kwa bahati mbaya, mama."

"Maji yapi? Yale hayakuwa yamechemka. Maji ambayo hayajachemka hayawezi kunivua ngozi." Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Haya yaliyoniunguza yalitoka kwingine. Na kwenye jiko kulikuwa na sufuria ya maji ya kuoshea vyombo, inafuka. Piga hesabu mwenyewe."

Nilipiga, na kila nilipopiga jibu likatoka lile lile. Sikulipenda hata kidogo.

Mke wangu nilimkuta jikoni akifuta sakafu ambayo tayari ilikuwa kavu.

"Sikumwaga kitu," alisema kabla sijauliza. "Nilikuwa nimechoka kurudisha rudisha, hilo ni kweli. Nikasema mama, haya yanatosha, nikatumbukiza mfuko wa majani ya chai. Maji yakaruka. Yote kwa pamoja, juu, kama mtu ameyapiga teke kutoka chini. Nikaidaka bilauri isimwangukie."

"Yalikuwa yanachemka?"

"Hapana. Yalikuwa yametulia."

"Sasa maji yaliyotulia yanarukaje?"

"Wewe ndiye fundi," akasema. "Niambie."

Nilisimama pale jikoni na kitambaa cha sakafu kilichomponyoka, nikiwa nimekishika bila kujua kwa nini. Mwanamke huyu tumeishi naye miaka tisa. Nimemuona akimkata mama kucha za miguu. Nimemuona pia akivuta pumzi kwa pua.

Jioni ile mama alimpigia dada yangu mkubwa. Sikuhitaji kusikiliza mlangoni, kwa sababu mama akizungumza na simu anaizungumzisha kama iko ng'ambo ya mto. Uamuzi ulikuwa huu: dada atakuja Jumamosi, tukae kikao. Ama mke wangu aende kwao akapumzike, ama mama aondoke na dada. Nyumba moja hawawezi kulala tena baada ya Jumamosi.

Akapumzike. Neno zuri, lakini kila mtu analijua. Mwanamke akitoka kwa mumewe na sifa ya kumchoma mkwe wake kwa maji ya moto, hapumziki popote tena. Hata kwao watamtengea kikombe chake kwa mashaka. Mke wangu alilisikia vizuri kama nilivyolisikia mimi. Hakulia. Alinitazama tu, akangoja niseme jambo, nami nikasema nitaichunguza mashine.

Niliichunguza kweli. Jumatano niliibeba maikrowevu hadi karakana, nikaifungua yote. Fyuzi nzima, transfoma nzima, sahani inazunguka, mlango unafunga. Nikaiunganisha tena na kuchukua kikombe changu cha kazini, kile kikubwa chenye ufa ndani na rangi ya chai ya miaka, nikakijaza maji ya bomba. Dakika mbili hivi, mapovu. Mapovu mazuri, makubwa, ambayo mama angeyapigia makofi. Nikarudia, mapovu. Nikarudia mara ya tatu nikitumbukiza mfuko wa majani kwa ghafla, uso nimeuficha nyuma ya kipande cha bati kama mwoga wa fataki. Chai ikawa chai.

Fundi redio wa kibanda cha jirani, tunayemwita Mzee Waya, alikuwa ananitazama muda wote huo huku mdomo wazi. Nikamweleza.

"Maji hayaruki, bwana," akasema. "Anayeruka ni chura."

Alicheka peke yake mpaka akakohoa. Mimi nilikunywa ile chai, na ilikuwa chungu. Nilikasirika, wala sikujua namkasirikia nani: mama kwa kuwa na akili timamu, mke wangu kwa kunipa habari isiyoshikika, au mimi kwa kutamani mashine iwe mbovu. Laiti ingekuwa mbovu! Ubovu ningeuweka mezani Jumamosi, kila mtu akaushika, yakaisha.

Alhamisi nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia masikio yanapata moto. Tulikuwa tunakunja nguo, mimi na yeye, shuka moja, kila mmoja ameshika ncha zake.

"Niambie tu," nikasema. "Mtu akichoka hukasirika. Ni ubinadamu. Kama mkono ulikuponyoka, au hata kama haukuponyoka, niambie mimi. Sitakasirika."

Alisimama na ncha zake za shuka.

"Umepima?"

"Nimepima mara tatu."

"Yakachemka vizuri."

"Vizuri."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hutakasirika." Akaniachia shuka lote. "Mtu huambiwa hivyo akishahukumiwa."

Akaenda kuendelea na shughuli zake, nikabaki nalikunja shuka peke yangu. Jaribu siku moja kukunja shuka kubwa peke yako huku umechanganyikiwa. Niliishia kulikunjakunja kama karatasi ya vitumbua na kulisukumiza kabatini.

Ijumaa, karibu saa sita, akaja mwenye saluni ya mtaa wa pili. Nilikuwa nimemrekebishia friji wiki iliyotangulia, na sasa alikuwa amekuja kulalamika, mkono kiunoni.

"Fundi Baridi, lile friji lako lina mambo. Jana nimetoa chupa ya maji, maji kabisa, yanachezacheza. Nikaiweka mezani kwa nguvu kidogo, to! Barafu tupu. Mteja wangu amekimbia na nywele nusu."

"Hilo si jambo la ajabu, dada," nikamjibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilijisikia mtu mwenye akili. "Umeweka baridi ya juu mno. Maji masafi, kwenye chupa laini isiyotikiswa, yanaweza kupita kiwango cha kuganda na yasigande. Yamechelewa tu. Hayajapata pa kuanzia. Ukiyagonga yanagutuka, yanaganda yote kwa mp—"

Mwenye saluni aliniuliza kama naumwa.

Yamechelewa tu. Hayajapata pa kuanzia. Miaka kumi na minane nawaambia wateja maneno hayo, na hata siku moja sikujiuliza kama maji yanayoweza kuchelewa kuganda yanaweza pia kuchelewa kuchemka. Nilimwahidi mwenye saluni nitapita kulitazama friji lake, nikampigia mke wangu.

"Bilauri ipi?"

"Nini?"

"Jumanne. Ulitumia bilauri ipi?"

"Zile mpya za kioo."

"Na maji?"

"Ya mtungi wa mama, yaliyochemshwa jana yake. Mara tatu kwenye mashine." Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua. "Haya yote ningekwambia Jumanne. Hukuuliza bilauri, uliuliza kama yalichemka."

Nilikaa juu ya kreti la soda nikafikiri mpaka Mzee Waya akaja kuniangalia kama nipo. Povu halizuki hivi hivi. Linataka mahali pa kushika: ufa, mkwaruzo, uchafu, kijihewa kilichojificha. Sufuria imejaa mikwaruzo. Kikombe changu cha kazini kina ufa wa kutosha kufugia samaki. Lakini bilauri mpya ni laini kama shavu la mtoto, na maji ya mama yalikuwa yamekwisha kuchemshwa mara moja, hewa yake imekwenda. Na maikrowevu haichomi kutoka chini kama jiko, inapasha maji yenyewe. Moto unaingia, povu halina pa kuanzia, maji yanatulia huku ndani yamevuka mpaka wa kuchemka. Kila mama aliposema rudisha, alikuwa anaongeza moto juu ya moto. Kisha ukaja mfuko wa majani ya chai, umejaa vitobo na hewa. Mlango ukafunguka, mapovu yote yakatoka kwa pamoja.

Hayo nilikuwa nayo kichwani. Lakini mama yangu haamini vya kichwani, anaamini vya machoni.

Jumamosi tulikaa kikao jikoni, maana nilikataa kukaa sebuleni. Dada yangu alikuwa amevaa kama mtu wa msibani. Mama alikaa kiti cha mlangoni, mkono wake umelala mapajani. Mke wangu alisimama karibu na kabati. Kando ya mlango wa chumba chetu niliona begi lake, limefungwa zipu. Sikuwa nimeambiwa habari ya begi.

"Mtu yeyote asisogee," nikasema. Nilivaa glavu za karakana na miwani ya kuchomelea. Dada alikohoa kwa dharau. Nikamimina maji ya mtungi kwenye bilauri mpya, nikaiweka ndani, nikabonyeza. Wewe unayesoma usijaribu haya kwako. Mimi nilikuwa na sababu, na hata hivyo ulikuwa ujinga.

Mara ya kwanza yakatoa mapovu dakika ya tatu, kwa adabu kabisa, kama maji ya watu wengine.

"Si hayo yanachemka?" dada akasema. "Maji ya moto hayachomi nyumba, na wewe hutafanya bilauri imtetee mtu."

Jasho lilinitoka kwapani. Sikumtazama mke wangu. Nikachukua bilauri ya pili, nikaisuuza polepole, nikamimina, nikabonyeza. Dakika tatu. Nikafungua mlango wa mashine bila kugusa bilauri.

"Mama, yamechemka?"

Akanyoosha shingo kutoka kule mlangoni. "Bado. Hakuna povu."

Nikafunga, nikaongeza dakika. Nikafungua.

"Bado," mama akasema. "Rudisha." Na alilisema kwa sauti ile ile ya miaka yote, nami nikaona mke wangu akifumba macho.

Nikarudisha. Nikafungua tena. Maji yalikuwa yametulia, safi, hata mvuke ulikuwa mdogo. Nilikuwa nimefunga mfuko wa majani ya chai kwenye ncha ya mpini wa ufagio. Nikaunyoosha kwa mbali, nikashusha.

Sauti yake ilikuwa kama mtu anayetema mate kwa hasira. Bilauri iliruka, maji yakapiga paa la mashine, yakatoka mlangoni kwa kishindo, yakamwagika mezani mpaka sakafuni, na matone mawili yakanipata kifundo cha mkono juu ya glavu. Nilipiga yowe lisilomfaa mwanamume mwenye miwani ya kuchomelea. Dada yangu alikuwa amekwisha kufika sebuleni.

Mama hakupiga yowe. Alitazama mvuke ukipungua, akatazama bilauri iliyobaki na maji ya kufunika kitako tu.

"Hayakuwa na povu," akasema.

"Hayakuwa na povu, mama."

"Miaka thelathini na moja nimewaambia watu watazame povu."

"Kwenye sufuria uliwaambia kweli. Kwenye hii mashine mtu anaweka kijiti cha mbao ndani ya maji kabla ya kupasha, povu lipate pa kushika. Harudishi rudishi. Na akimaliza anayaacha kwanza dakika moja au mbili, uso mbali, kabla ya kutia chochote."

Sidhani kama alinisikia. Aliinuka kwa magoti yake mabovu, akamwendea mke wangu, akamshika kwa mkono wake mzima.

"Mkwe wangu, nilisema nilichokiona."

"Najua, mama. Hata mimi niliona, na sikuelewa."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kaa, sakafu ina maji."

Akamkalisha, akamtazamia bendeji kama imelowa. Dada alirudi kutoka sebuleni, akaomba radhi kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, akaanza kusifia mapazia yetu. Mimi nilikuwa nimejaa furaha hata sikusikia mkono unawaka. Jambo lililonitesa siku tano lilikuwa limenyooka, na nilikuwa nimelinyoosha kwa akili yangu mwenyewe.

Mama na dada walipokwenda chumbani, mke wangu alipiga magoti kufuta maji. Nikainama kumsaidia.

"Umeona?" nikamwambia. "Nimekutoa lawamani. Hakuna atakayesema neno tena."

"Nimeona."

"Kalifungue lile begi."

Akakamua kitambaa ndooni, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Mama alinikuta na bilauri mkononi," akasema. "Angefikiri nini? Lakini wewe hukuwepo. Hukuona kitu. Ulikuwa na neno langu na neno lake, ukaenda kuyauliza maji."

"Na maji yamesema kweli."

"Leo yameruka." Akaniinulia uso. Hakuwa na hasira, ningemshukuru kama angekuwa nayo. "Bilauri ya kwanza haikuruka. Na kama hii ya pili nayo isingeruka, mume wangu? Ungesema nini mbele yao?"

Nilifungua mdomo nimjibu mara moja, maana jibu zuri lilikuwa moja tu na kila mwanamume analijua: ningekuamini wewe. Nikatafuta pa kulianzia. Yeye alingoja, kitambaa mkononi, na nilipolipata hatimaye alikuwa amekwisha kuinua ndoo na kutoka nayo nje.